Kabla ya Kukoleza Rangi, Angalia Kilicho Nyuma Yake

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wanaoanza kupiga picha hapa Kisumu ni lile lile: "Omera (yaani ndugu), hizi rangi unaziweka na filta gani?" Wameona leso nyekundu iliyokolea, wameona ngozi inayong'aa, basi wanaamini kuna kitufe nimekificha. Hakuna. Nimepiga harusi, mazishi na maisha ya ufuoni kwa miaka mingi, na ninachokiamini kwa dhati ni kwamba rangi huonekana kali au hafifu kutokana na kilicho kando yake na nyuma yake. Ukilijua hilo, simu ya kawaida inatosha kukupa picha inayovuta macho. Usipolijua, utanunua lenzi ya bei ya kutisha na picha zako bado zitakuwa zimepauka.

Jambo hili lilichunguzwa zamani, kabla hata kamera hazijaenea. Mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa mwaka 1824 kazi ya kusimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichokuwa kikifuma mapazia mazito ya kupamba kuta. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Alipozichunguza akakuta rangi yenyewe haina kasoro. Weusi ulikuwa unafifishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo yake, na wachoraji wakayapokea kwa hamu. Jicho la binadamu halipimi rangi moja moja, linalinganisha. Weka rangi ya machungwa kando ya buluu, kila moja itaipa nguvu nyenzake. Nyekundu na kijani vivyo hivyo, njano na zambarau vivyo hivyo.

Sasa twende Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Asubuhi akina mama huanika omena, wale dagaa wadogo, kwenye nyavu zilizotandazwa chini, na omena ikiwa bado mbichi inametameta kama bati jipya. Siku moja nilimkuta mama mmoja aliyejifunga leso ya rangi ya machungwa, anaigeuza omena yake kwa mkono. Nikamsalimu, nikasema, "Mama, naomba nikupige picha ukiendelea na kazi." Akanijibu bila kuinua kichwa: "Piga tu, mwanangu, lakini mimi sisimami."

Niliposimama wima, nyuma yake kulikuwa na anga jeupe, paa la mabati, na watu watatu wakipiga gumzo. Leso ilikuwa pale lakini jicho halikuipata, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinapiga kelele pamoja nayo. Nikachuchumaa na kusogea kulia hatua chache mpaka ubavu wa mtumbwi uliopakwa buluu, ulio kivulini, ukajaza nafasi yote nyuma yake. Mama yule yule, leso ile ile, dakika ile ile, lakini sasa leso iliwaka. Sikugusa kitufe chochote, ni miguu tu iliyofanya kazi. Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi wangu waangalie kwanza pembe nne za picha na kila kilicho nyuma ya mtu, halafu ndipo wamwangalie mtu mwenyewe. (Na picha ikishatoka, mtumie mwenyewe. Ni haki yake, na kesho atakukaribisha tena.)

Kuhusu mwanga, kuna jambo ambalo video za Wazungu kule mtandaoni hazitakwambia, maana hazikutengenezewa sisi. Wao husifu "saa ya dhahabu", yaani muda wa saa nzima wa mwanga wa manjano kabla ya machweo. Sisi tunaishi karibu kabisa na ikweta, na hapa jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Likiwa nyuzi 6 juu ya upeo, una takriban dakika 25 tu kabla halijazama. Uingereza wakati wa kiangazi jua hushuka kwa mshazari na ule mwanga mwororo hukaa sana. Kisumu, mwaka mzima, jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni, na giza halichelewi. Kwa hiyo ukitaka picha ya jioni pale Hippo Point, kando ya ziwa, uwe umefika, umechagua mahali, na umemweka mtu wako tayari kufikia saa kumi na mbili na robo. Ukija kutafuta mahali jua likiwa limeshagusa maji, umechelewa.

Faida ya mwanga huo si ule umanjano peke yake. Jua likiwa chini linapiga kutoka ubavuni, kwa hiyo kila kitu kinapata upande wa mwanga na upande wa kivuli. Mikunjo ya kitambaa inaonekana, mbao za mtumbwi zinaonekana, magamba ya samaki yanaonekana. Jicho linapata umbo, na umbo ndilo linalofanya picha ionekane imetoka nje ya kioo. Mchana jua likiwa utosini, jambo ambalo kwetu hutokea karibu saa saba kasorobo, vivuli vinajificha chini ya vitu, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, na ardhi yote inapauka.

Lakini kazi haingoji jioni. Harusi nyingi huku zinafika kwenye picha saa saba au saa nane. Hapo mimi natafuta mlango. Mweke mtu hatua moja ndani ya mlango wa nyumba isiyowashwa taa, akitazama nje. Mwanga wa nje unaingia mpana na laini usoni mwake, na chumba kilicho nyuma yake kinageuka giza tupu. Gauni la manjano mbele ya giza hilo litakushangaza. Duka, jiko la nje, ghala la mahindi, kanisa kabla watu hawajaingia, popote penye mlango pana studio. Tahadhari ni moja: kamera ikiona giza jingi hudhani picha nzima ina giza, nayo huongeza mwangaza mpaka uso unaungua. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha buruta kile kijua kidogo kishuke, mpaka giza liwe giza kweli. Simu za siku hizi zina tabia ya kufungua vivuli vyote ili kila kitu kionekane, na hapo ndipo picha hupoteza nguvu. Picha iliyo na nguvu inahitaji mahali fulani pawe peusi.

Hili linahusu zaidi ngozi zetu. Vipimo vya mwanga vya kamera hulenga wastani wa kijivu, katikati ya weusi na weupe, na kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, ambazo zilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu yeyote. Leo kamera zimeboreka sana, lakini mpiga picha bado ana kazi yake. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao unaotambaa taratibu kwenye paji la uso, shavuni na begani, na mng'ao huo hutoka kwenye chanzo kipana cha mwanga: mlango, ukuta mweupe uliopigwa na jua, wingu. Flashi ya simu ni kitone kidogo. Hukupa madoa meupe ya mafuta na nyuma ya mtu usiku wa manane. Mimi flashi ya simu siitumii kabisa. Na tafadhali, usimfanye bibi harusi awe mweupe kuliko alivyo. Anayeipokea picha ni mama yake, na mama anamjua mwanawe.

Chunga pia ardhi. Watu wengi hupenda kumweka bibi harusi kwenye nyasi chini ya mwembe. Nyasi hurudisha mwanga wa kijani juu, na gauni jeupe linaupokea wote, na kidevu nacho. Utahangaika kompyutani usiku kucha. Ukiwa pande za Vihiga au Kakamega, msogeze kwenye udongo mwekundu ulio karibu na kivuli: udongo ule ukipigwa na jua hurudisha mwanga wa joto unaoipendeza ngozi mno. Kama hakuna udongo, shuka jeupe lililotandazwa chini, nje ya picha, linatosha.

Kitu kingine nilifundishwa na wauza mboga wa soko la Kibuye, ingawa wao hawafikirii picha. Mbona wanainyunyizia sukuma wiki maji kila mara? Isinyauke, ndiyo, lakini pia rangi inakolea papo hapo. Uso mkavu wa kitu, wenye vinyweleo na vumbi, hutawanya mwanga mweupe kila upande, na weupe huo unachanganyika na rangi ya kitu na kuipausha. Maji yanaulainisha uso, ule utawanyikaji unapungua, na rangi ya ndani inakuja yenyewe. Ndiyo sababu barabara ya murram, mawe ya Kit Mikayi na mashina ya miti ya msitu wa Kakamega hupendeza kupita kiasi muda mfupi baada ya mvua. Tena mvua imeosha vumbi na moshi hewani, milima ya mbali unaiona kwa uwazi. Mvua za alasiri za huku wengi wanazikimbia. Mimi hungoja zikatike, na mara zikikatika natoka.

Majani yaliyolowa yana tatizo moja: yanaakisi anga kwa weupe. Mashamba ya chai ya Nandi na Kericho yana tatizo hilo hata yakiwa makavu, kwa sababu jani la chai lina mng'ao wake. Hapo dawa ni filta ya polaraiza, kioo cha kuweka mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao wa kuakisiwa. Izungushe polepole mbele ya lenzi na utaona weupe ukiondoka na kijani kikijitokeza. Angani hufanya kazi vizuri zaidi ukielekea nyuzi 90 kutoka kwenye jua, maana yake kwetu, asubuhi na jioni, ni kuelekea kaskazini au kusini. Mwenye simu anaweza kushika miwani ya jua ya aina hiyo mbele ya lenzi, inafanya kazi.

Ziwa Nakuru nitaligusia kidogo tu. Heroe, wale tunaowaita flamingo, wana waridi hafifu sana, na wengi huwapiga dhidi ya ufuo mweupe wa magadi au anga la mchana. Waridi hafifu mbele ya weupe hupotea. Wangoje wapite mbele ya maji yenye kivuli au miti. Na kwa kuwa maji ya ziwa yamepanda, mara nyingi utalazimika kuwafuata Ziwa Bogoria.

Kabla sijafika kwenye kuhariri: futa lenzi. Simu inakaa mfukoni na mkononi, na alama ya kidole hutandaza mwanga kwenye picha nzima, weusi wote unageuka kijivu. Kitambaa laini cha kufutia miwani kinatosha.

Katika kuhariri, usianze na ukolezi wa rangi. Anza na weusi: shusha sehemu zenye giza mpaka mahali padogo pawe peusi kabisa, na uangalie kama sehemu nyeupe bado zina maelezo. Mara nyingi rangi inakolea hapo hapo bila kuguswa. Kisha fifisha mazingira kidogo, ili mtu au kitu unachokipiga kibaki na mwanga zaidi ya vinavyokizunguka. Snapseed ni ya bure na inafanya haya yote. Ukihisi bado kuna rangi inayohitaji nguvu, ikoleze hiyo peke yake. Ukisukuma zote pamoja, uso wa mtu unageuka machungwa na leso nyekundu inakuwa bapa. Sababu ni kwamba faili ya JPEG, ile ya kawaida ya picha, ina ngazi 256 tu, kuanzia 0 hadi 255, kwa kila rangi ya msingi. Nyekundu ikifika 255 haina pa kwenda, na mikunjo yote inaungana kuwa doa moja. Kama kamera yako inatoa faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera, piga hizo kwa kazi muhimu. Zikiwa za biti 14 zina ngazi 16,384, na utakuwa na nafasi ya kutosha ya kurekebisha.

Wapiga picha wenye kamera kubwa, hakikisheni mnamtolea mteja picha za sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa simu na kompyuta. Mfumo mwingine, Adobe RGB, una rangi nyingi zaidi, lakini picha yake ikifunguliwa kwenye programu isiyousoma mfumo huo, hupauka na mteja atadhani mmeharibu. Na unapotuma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na maelezo madogo madogo ndiyo ya kwanza kupotea.