Fedha za Halmashauri na Haki ya Kijiji: Maswali na Majibu

Halmashauri yetu hukusanya ushuru wa mazao kila msimu, lakini mwenyekiti wa kijiji anasema kijiji hakina fedha hata ya kununua karatasi. Fedha hizo zinaishia wapi?

Zinaishia makao makuu ya wilaya. Utaratibu wa miaka mingi hapa Tanzania unaitaka halmashauri irejeshe vijijini asilimia 20 ya makusanyo, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikizitaja halmashauri zisizotimiza wajibu huo. Kwa hiyo viongozi wa vijiji waliochaguliwa Novemba 2024 wanabebeshwa lawama za wapiga kura wao huku fedha wanayodaiwa haijawahi kuwafikia. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Ulizeni hapo ni kiasi gani kilikusanywa kijijini mwenu na kiasi gani kilirudi, kisha hakikisheni swali na jibu vimeandikwa kwenye muhtasari, kwa maana malalamiko yasiyoandikwa hayamfikii diwani wala mkaguzi.

Nilisafirisha magunia matano ya mahindi kwenda wilaya jirani, nikatozwa ushuru kwenye kizuizi cha barabarani. Ni halali?

Si halali. Tangu 2017 mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru. Daini risiti ya mashine kila mnapotozwa, kwa sababu fedha inayopokelewa bila risiti haihesabiki kuwa mapato ya halmashauri.

Mikopo ya asilimia 10 inayotolewa na halmashauri ni lazima irejeshwe?

Swali hili limeletwa mara nyingi mno, na jibu halijabadilika: mkopo hurejeshwa. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na yote hutoka katika mapato ya ndani ya halmashauri. Mikopo hiyo ilisimamishwa kwa muda 2023 baada ya vikundi hewa na madeni sugu kuandikwa katika ripoti za ukaguzi, na walioumia ni wale waliokuwa wakilipa kwa uaminifu.

Serikali Kuu hulipa mishahara na kuleta ruzuku. Kwa nini basi halmashauri zidai uhuru wa fedha?

Kwa sababu ruzuku huja ikiwa imeshapangiwa matumizi, na baraza la madiwani hubaki kupitisha kilichoamuliwa kwingine. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, huduma zikadorora, na sheria za 1982 zikazirudisha. Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kwamba zipo ili madaraka yafike kwa wananchi. Hata hivyo, vyanzo vya mapato vya halmashauri vimekuwa vikipungua. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa kero ya kweli kwa maskini, ilifutwa 2003 na fidia yake ikawa ruzuku. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka uliofuata ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kumpunguzia mkulima mzigo ni jambo jema, lakini halmashauri ya vijijini isiyo na viwanda wala hoteli hutegemea ushuru huo kuliko chanzo kingine chochote. Kila chanzo kinachoondolewa bila mbadala wa kudumu humfanya diwani kuwa mwombaji, na mwombaji hapangi vipaumbele.

Madiwani wanaweza kumfukuza mkurugenzi?

Hapana, huteuliwa na Rais. Wanachoweza ni kukataa bajeti isiyoonyesha fedha ya vijiji, nao huifanya kazi hiyo mara chache mno.