Kabla hujaongeza asilimia 30: kwa wanaoanza kupanga ruti

Mpangaji mpya wa ruti za magari ya mizigo hamalizi wiki mbili kazini kabla madereva hawajamjia juu: "Hii ratiba ni ya ndege, si ya gari." Naye hukimbilia palepale walipokimbilia wote waliomtangulia. Anafungua mipangilio ya programu ya ruti, anatafuta kizidishi cha muda wa kuendesha (namba inayozidishwa na kila muda wa njiani), anaandika 1.3. Siku chache baadaye 1.5. Mwezi ukiisha hakuna anayekumbuka namba ile ilitoka wapi, na ruti zote zimejengwa juu yake. Wapendwa, hebu tusikilizane.

1. Jua kwanza dakika zimepotelea wapi.

Chukua ruti ya mjini yenye vituo 30. Programu imekadiria dakika 120 za kuendesha, nawe umeweka dakika 5 za kushusha mzigo kila kituo, yaani 150. Jumla 270. Gari linarudi baada ya dakika 360. Zimezidi 90. Mgeni anasema "foleni hiyo", anagawanya 90 kwa 120, anapata 0.75, anaweka kizidishi 1.75. Kesho yake ruti ileile inatoka sawasawa kabisa, na bwana anajiona fundi.

Kumbe njiani hakukuwa na neno. Kila kituo kilikula dakika 8 badala ya 5: kutafuta pa kuegesha, kupandisha katoni ghorofani, kumsubiri mwenye muhuri. Dakika 3 mara 30 ni 90 zilezile. Sasa kizidishi hicho kinahamia ruti ya mbali, yenye vituo 4 na dakika 300 za kuendesha. Uhalisia wake ni 300 na 32 za vituoni, jumla 332. Kwa 1.75, programu inasoma 525 za kuendesha na 20 za vituoni, jumla 545. Umezua dakika 213 ambazo hazipo. Programu nayo, kwa utiifu wake, inaona gari moja halitamaliza siku hiyo na inaongeza la pili. Mhasibu hataiita programu ofisini, atakuita wewe.

Ruti moja haitoshi kukuonyesha kosa liko upande gani. Linganisha nyingi pamoja, za vituo vingi na za vituo vichache, za karibu na za mbali. Kama kuchelewa kunakua kwa idadi ya vituo, rekebisha muda wa kituo. Kama kunakua kwa kilomita, rekebisha kasi. Na kama ni dakika zilezile kila siku bila kujali ruti, nenda kaangalie getini pa ghala: gari linatoka limeshachelewa.

Halafu kuna kitufe cha "Nimefika" anachobonyeza dereva kituoni. Usikiamini kabla hujakikagua. Fungua rekodi uone: "Nimefika" na "Nimemaliza" zimepishana sekunde 6, na hapo zilishushwa katoni 20. Dereva amebonyeza vyote viwili wakati anaondoka, maana mikono ilikuwa na mzigo. Si uvivu, ila kwenye takwimu zako kushusha kote kumegeuka kuendesha, ndiyo sababu zinakuambia barabara ni mbaya. Tumia alama za GPS badala yake. Chora duara la mita 100 kuzunguka kituo. Muda wa ndani ya duara ni wa kituo, wa nje ni wa barabara. Vituo vikikaribiana mtaa mmoja, punguza duara hadi mita 40 au 50, la sivyo vitagombania dakika. Na saa za GPS kwa kawaida huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, si ya hapa kwetu. Zigeuze, usije ukaikuta foleni ya asubuhi saa tisa za usiku.

2. Kasi mbili hazijumlishwi zikagawanywa kwa mbili. Kilomita 10 kwa mwendo wa 60, kisha 10 kwa mwendo wa 20: wengi huandika wastani 40, hivyo dakika 30. Hesabu: dakika 10 na dakika 30, jumla 40, mwendo wa 30. Vipande vikiwa na urefu sawa, kosa hili siku zote linakupa muda mfupi kuliko wa kweli, kwa hiyo usitegemee kwamba litajifuta lenyewe. Jumlisha kilomita, jumlisha muda, ndipo ugawanye.

3. Soma profaili, yaani faili la kanuni za kasi na njia za aina ya gari, kabla ya kuilaumu. Kwenye profaili ya gari dogo inayokuja na OSRM (programu huria ya kutafuta njia kwenye ramani), barabara ya makazi isiyo na kikomo cha kasi kwenye ramani hupewa kilomita 25 kwa saa, barabara kuu ya daraja la `primary` 65. Kikomo kikiwepo, huchukua asilimia 80 yake, hivyo 50 inakuwa 40. Tahadhari imeshawekwa, ukiongeza ya kwako bila kusoma, umekata mara mbili. Lori kwenye profaili hiyo? Itakupitisha kwenye daraja lisilobeba tani zako, na kwa mwendo wa teksi.

Foleni pia OSRM haiijui peke yake. Ipe faili la CSV (jedwali la maandishi lenye koma): nodi ya kuanzia, yaani pointi ya barabara kwenye ramani, nodi ya kufikia, kasi. Ukitumia MLD, mojawapo ya mbinu za OSRM za kukokotoa njia, rudia amri ya `osrm-customize` tu; hakuna haja ya kuanza upya kusoma ramani nzima kwa `osrm-extract` na kusubiri huku ukinywa chai.

4. Vidogo vinavyoua. Kwenye OSRM longitudo hutangulia latitudo. Muda ni sekunde, si dakika. Kutoka A kwenda B si sawa na kutoka B kwenda A, kwa hiyo usijaze nusu ya jedwali la muda kati ya vituo na kunakili nusu nyingine. Na angalia umbali kati ya pointi yako na barabara ambayo programu imeinasia: ukizidi mita 100, ifungue kwenye ramani. Mara nyingi utakuta gari limepangiwa kusimama kwenye barabara kuu nyuma ya ukuta wa mteja, na lango liko upande wa pili, mwendo wa dakika 9.

5. Kwa mteja mwenye saa maalumu ya kupokea, wastani haumfai. Panga muda ambao gari huutimiza safari 8 kati ya 10. Kwa wengine, tumia muda wa katikati, ule ambao nusu ya safari huuzidi na nusu haziufikii.

Na kila ukibadilisha namba, ijaribu kwenye ruti za wiki ambayo hukuitumia kuipata, ukitazama makosa ya ruti fupi na ndefu kila moja kivyake. Andika pembeni ya namba tarehe na sababu yake, ili atakayekuja baada yako asiikute 1.75 tupu.