Umbali kwenye chapa hauji kwa kuongeza mistari

Mkuu umeuliza kwanini chapa zako za lino (picha unazochonga kwenye linoleamu, unapaka wino kisha unachapa karatasini) za mtaani zinaonekana bapa wakati barabara umeichora vizuri na mistari yote inakutana kule mwisho. Mimi nachonga lino na mbao miaka mingi na ushauri wangu ni huu, mistari iache kwanza, angalia umeweka nini mbele kabisa.

Itafute ile chapa ya mbao ya Hiroshige, msanii wa Kijapani, ya bustani ya miti ya plamu ya Kameido kule Edo (Tokyo ya leo), 1857. Shina la mplamu limejaa mbele, la giza, tena limekatwa na ukingo wa picha yani mti mzima huuoni. Sasa chungulia katikati ya matawi, kule nyuma ya uzio kuna watu wadogooo wanaangalia maua. Hamna barabara, hamna mstari unaokimbilia mbali, rangi karibu zote bapa, lakini jicho linatoka kwenye lile shina linaenda moja kwa moja mpaka kwa wale watu na umbali unausikia kabisa. Mchoraji Mholanzi Van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta 1887, shina akalitia wekundu na bluu, ni kazi nzuri sana ila kwangu mimi lile bapa la Hiroshige linasukuma nyuma zaidi.

Na sio kwamba Wajapani mistari ya kukutana hawakuijua, msanii wao Okumura Masanobu alikuwa anachapa kumbi za kabuki (tamthilia ya Kijapani) kwa mtindo huo tangu miaka ya 1740, na Hiroshige mwenyewe kautumia kwenye chapa yake ya Saruwaka usiku, mtaa wa kumbi za tamthilia kule Edo. Alikuwa anachagua tu.

Kitu kingine ni anga. Wachapaji wa Kijapani walikuwa wanalowesha ubao kidogo afu rangi inapakwa kwa brashi ikififia kwenye maji, ndio bokashi hiyo. Kwa lino weka wino mzito upande mmoja wa kioo cha kusambazia wino, upande wa pili wino uliopunguzwa na ekstenda (wino usio na rangi wa kufifisha), rola ipite njia ile ile huku unaisogeza kushoto kulia kidogoo hadi ule mpaka wa rangi upotee. Rola iwe pana kuliko anga lako, la sivyo utaona mshono.

Kwa mtaa wako mimi ningeweka usukani wa bodaboda mbele, mweusi, umekatwa na ukingo, barabara ionekane katikati ya vioo vyake. Na nyumba za nyuma usizichonge kila dirisha, ukijaza vitu vidogo vidogo kule zinakuja mbele tena.