Bastola ya bei nafuu iliyochakaa: springi sawa, ufa hapana

Kilichochoka kikiwa springi tu, itengeneze. Fremu (kiunzi cha bastola) au slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma unapofyatua) ikiwa na ufa, achana nayo, hata kama uliirithi na unaipenda.

Sababu ni madini yenyewe. Baadhi ya bastola za bei ya chini zina fremu au slaidi ya aloi (mchanganyiko wa madini) ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Aloi hiyo huyeyuka kabla ya nyuzi 400 za Selsiasi, wakati chuma cha pua huhitaji zaidi ya 1,300, kwa hiyo ufa wake hauchomelewi ukaaminika. Na sehemu hiyo ndiyo inayobeba kishindo cha kila risasi, mbele ya uso wako.

Toa magazini (kisanduku cha risasi), hakikisha chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, ni tupu, ifungue, ifute mafuta yote, kisha mulika kona za slaidi kwa tochi. Ufa huonekana kama unywele mweusi usiofutika kwa kitambaa. Nimewahi kuukuta kwenye bastola iliyokuwa inang'aa kabisa kwa nje.

Angalia pia karatasi ya shabaha: matundu yakiwa marefu badala ya duara, risasi zinafika kiubavu, na mara nyingi mtutu ndio umekwisha. Hapo gharama ya mtutu na fundi huweza kuzidi bei ya bastola nzima.

Ila hata springi, mpe fundi wa silaha mwenye leseni.