Kudeka Kumewakosea Nini?

Swali: Msomaji wetu wa Tanga, anayejifunza Kijapani, anaandika kwamba alifundishwa mapema kuwa amai ni "tamu". Baadaye akaona katika filamu mwalimu akimwambia mwanafunzi kangae ga amai, na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha ikasema "mawazo yako ni matamu", ilhali mwanafunzi alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayekaripiwa. Kisha akasoma makala iliyodai kwamba neno amae, la ukoo huohuo, halitafsiriki katika lugha yoyote, na kwamba likilazimishwa sana litaitwa "utegemezi". Anauliza utamu umeingiaje katika karipio, kama kweli amae haina mwenzake katika Kiswahili, na kama amakuchi na amakudari nazo zimo katika ukoo wa utamu.

Jibu: Mwanafunzi yule alikaripiwa kweli, na aliyeandika "mawazo matamu" alimgeuzia mwalimu karipio likawa sifa. Neno amai linapotoka kwenye ulimi na kuingia katika tabia na kazi za watu, hubeba maana ya kitu kilicholegea. Skrubu isiyokaza ni amai. Picha ambayo kamera haikuilenga sawasawa ni amai. Mzazi asiyeweza kumkatalia mwanawe ni amai kwake, na mwalimu anayegawa alama kwa urahisi huambiwa alama zake ni amai. Mchezaji wa shogi, mchezo wa Kijapani unaofanana na sataranji, anayembana mpinzani hadi ukingoni kisha akashindwa kummaliza huambiwa tsume ga amai, na msemo huo umetoka kwenye ubao wa mchezo ukawafikia wote wanaoharibu kazi mwishoni. Kwa hiyo mwalimu alisema, "Unayachukulia mambo kwa wepesi mno." Tamu ya Kiswahili haiwezi kubeba lawama hiyo, kwa sababu kwetu tamu husifu daima: usingizi mtamu, sauti tamu, hata maneno matamu ya laghai ni matamu kweli masikioni kabla hayajaleta hasara. Alama ya maandishi inayoandikia amai ilianza kama mchoro wa kinywa chenye kitu ndani, na kuhusu asili hilo linatosha.

Sasa nije kwenye dai lililonikera kwa muda mrefu, la neno lisilotafsirika. Kila baada ya muda mtu huchukua neno la Kijapani, la Kireno au la Kijerumani, akalivika joho la siri, akatutangazia kwamba halina mwenzake duniani. Sijawahi kumwona mmoja wao akionyesha kwamba alitafuta kwanza katika Kiswahili. Amewauliza waandishi wa Kiingereza, wakamjibu hakuna, naye akaja kutuarifu sisi kwamba hakuna.

Amae ni jina litokanalo na kitenzi amaeru. Kuamaeru ni kujiachia mbele ya mtu kwa kuwa una hakika kwamba anakupenda kiasi cha kukuvumilia na kukubembeleza. Hebu Mswahili yeyote asome sentensi hiyo kisha aniambie ni kitenzi gani kimemjia mdomoni. Ni kudeka. Kimekuwapo siku zote, kiko katika kamusi zetu, kiko vinywani mwa mama zetu, na wanaotafsiri wanakipita kama hawakioni.

Mtazame mtoto wa miaka mitatu aliyeanguka uani. Akiinuka na kuona hakuna mtu, hujipangusa vumbi akaendelea na mchezo. Mama akitokeza mlangoni, kilio huanza papo hapo, na goti lililokuwa zima sasa linataka kupulizwa na kushikwashikwa. Sisi husema anadeka. Wajapani husema amaete iru. Mtazame kitindamimba mwenye ndevu ambaye bado anataka dada yake ampakulie, mke anayenuna kidogo ili abembelezwe, mume ambaye mafua yamemfanya ashindwe hata kunyanyua kikombe, mjukuu anayemfanyia babu ujeuri ambao hangethubutu kumfanyia baba. Wote hao wanadeka, na Mjapani angetumia amaeru kwa kila mmoja wao. Anayependa kudeka humwita amaenbō. Kumdekeza mwenzako ni amayakasu. Hata karipio ni lilelile: wao husema amaeru na, sisi husema acha kudeka, na kote kuwili neno lina nyuso mbili, kwa kuwa anayedeka kwa kiasi hupendeza na anayezidisha huchosha. Kiswahili kina hata kiambishi cha kuonyesha anayedekewa, tunaposema fulani anamdekea mumewe, na taarabu imejaa madeko tangu zamani. Nani basi aliyetupungukia msamiati?

Umaarufu wa neno hili ulitokana na daktari wa maradhi ya akili, Doi Takeo, aliyechapisha mwaka 1971 kitabu kilichofanya amae kuwa ufunguo wa kuielewa nafsi ya Mjapani. Namheshimu, na mifano yake ni ya mtu aliyesikiliza wagonjwa kwa makini. Anasimulia kuhusu mama Mwingereza aliyezaliwa Japani, ambaye alikuwa akieleza kwa Kiingereza utoto wa binti yake, akageuka ghafla na kusema kwa Kijapani kwamba mtoto huyo hakudeka sana, kisha akarudi kwenye Kiingereza. Alipoulizwa sababu, akajibu kwamba jambo hilo halisemeki kwa Kiingereza. Nami nimeliandika hapa kwa Kiswahili na sentensi imesimama. Kisa hicho kinathibitisha upungufu wa Kiingereza katika jambo moja. Waliokisoma wakakigeuza kuwa upungufu wa dunia nzima.

Kisa kingine cha Doi ni cha ugenini Marekani, miaka ya 1950. Alialikwa nyumbani kwa mtu, mwenyeji akamuuliza kama ana njaa na kumwambia kuna aiskrimu. Doi alikuwa na njaa, lakini kwa adabu akasema hapana, akitarajia kuhimizwa mara ya pili. Mwenyeji hakuhimiza, na aiskrimu haikuja. Msomaji wa Tanga hahitaji kuelezwa kilichomuuma mgeni yule, kwa kuwa kwetu pia "nimeshiba" ya kwanza ni salamu, na mwenyeji anayeipokea kama jibu ameikosea adabu ya nyumba yake.

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Mwaka 1982 mwandishi wa Korea, Lee O-young, alimpinga Doi kwa kuonyesha kwamba Kikorea kina eungseok na eorigwang, maneno mawili ya jambo hilohilo, tena kwa jirani anayeonekana kutoka pwani ya Japani. Kama jirani huyo hakuulizwa, Mswahili angekumbukwa na nani?

Kinachonitia hasira zaidi ni huo "utegemezi". Kitabu cha Doi kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1973, na mtafsiri, kwa kukosa kitenzi, akaweka kwenye jina la kitabu neno lenye maana ya utegemezi. Alifanya alichoweza kwa lugha aliyokuwa nayo. Lakini sisi tuliokuwa na kitenzi tukakiacha, tukachukua kiraka cha Kiingereza, tukakishonea kwenye kanzu ambayo haikuwa imechanika. Mtegemezi kwa Kiswahili ni mtu unayemwandika kwenye fomu ya bima, na nchi tegemezi ni ile inayosubiri misaada. Mgonjwa wa kitandani humtegemea muuguzi bila kumdekea hata kidogo, na mwanamke tajiri humdekea mume asiyemtegemea kwa senti moja. Anayeandika "nadharia ya utegemezi" amepoteza mapenzi yaliyomo ndani ya neno, akabakiza mzigo. Aandike "nadharia ya kudeka". Kitenzi-jina chetu kinatosha, na asione haya kwamba ni neno la jikoni na uani, kwa sababu amaeru nalo ni neno la jikoni na uani.

Wajapani wenyewe hawaogopi kutafsiri. Msemo wao ame to muchi, peremende na mjeledi, husimulia siasa za Bismarck, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, na umetoka katika Kijerumani.

Nakubali kwamba kudeka hakufiki kila mahali. Mjapani anayekubali mwaliko husema o-kotoba ni amaete, na hapo ukiandika "kwa kuyadekea maneno yako" utachekwa kwa haki; sema "kwa hisani yako, basi nitakaa." Vivyo hivyo amai shiru o suu, kunyonya maji matamu, kwetu ni kula jasho la mwenzio. Neno moja kuhitaji maneno matatu si kushindwa kutafsirika. Ndiyo kazi ya tafsiri.

Amakuchi imo katika ukoo, ila kwenye pakiti ya mchuzi wa kari ina maana ya "usio mkali". Usiandike "mchuzi mtamu", kwa kuwa mnunuzi Mswahili ataelewa kwamba umeupikia sifa, na aliyezoea pilipili ataupeleka nyumbani akajuta. Kwa miso, kiungo cha soya iliyochachushwa, neno hilo huonyesha chumvi kidogo.

Amakudari haimo kabisa. Ama yake ni mbingu, nayo huandikwa kwa alama nyingine. Ni kushuka kutoka mbinguni, na husemwa kuhusu afisa wa wizara anayestaafu akapewa cheo katika kampuni aliyokuwa akiisimamia. Utamu anaoukuta huko hautoki katika neno.