Maswali ya Wasomaji: Maji Yapo, Lakini Mizizi Haiyapati

Barua zilizotufikia tangu mwishoni mwa Desemba zinazungumzia jambo moja kwa njia mbalimbali: mboga na matunda ya nyumbani yanayoteseka kiangazi, ingawa mwenyewe humwagilia bila kuchoka. Nimechagua barua tano. Kabla ya kuzijibu, ningependa msomaji akumbuke kwamba Nakuru iko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi hata pale jua la mchana linapochoma, ilhali Kisumu iko yapata mita 1,130 tu na joto lake la mchana katika miezi hii hufika nyuzi 30 na kuzidi. Kwa hiyo ushauri anaopewa mtu wa Njoro, karibu na Nakuru, usihamishiwe Nyalenda, Kisumu, kabla ya kupimwa.

SWALI: Nimepanga nyumba Nyalenda, Kisumu, na sina shamba isipokuwa nafasi ya hatua nne hivi kati ya mlango wangu na ukuta wa mabati wa jirani. Mwezi wa Novemba nilipanda sukuma wiki katika magunia mawili, na mwanzoni tulichuma vizuri. Sasa miche ya juu ingali inapendeza, lakini ile ya ubavuni imenyauka karibu yote, ingawa namwagilia kila jioni, tena kwa maji ya kununua. Je, kosa ni mbegu, udongo au jua?
— Mama wa watoto watatu, Kisumu

JIBU: Mama, pole kwa hasara hiyo, hasa kwa kuwa kila mtungi wa maji unaoununua ungeweza kuwa unga. Mbegu haina kosa. Miche ya juu ikiwa na afya na ya ubavuni ikikauka, maana yake ni kwamba maji yanaishia juu ya gunia. Chukua kijiti kikavu, ukisukume kupitia tundu mojawapo la ubavuni hadi katikati, ukiache kwa dakika chache, kisha ukichomoe. Kikitoka kikavu, hutahitaji mtaalamu wa kukueleza zaidi.

Yapo mambo mawili yanayosababisha hali hiyo. La kwanza ni nguzo ya mawe ya katikati, ambayo wengi huiacha wakidhani ni pambo, au huijenga kwa mawe madogo mno yanayozibwa na udongo baada ya miezi miwili. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji kufikia mizizi ya chini. La pili ni udongo wenyewe. Ikiwa ulijaza magunia kwa udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule ulioenea katika uwanda wa Kano, basi kila unapokauka husinyaa na kupasuka, ukajitenga na kuta za gunia, na maji unayomimina hupita kwenye nyufa hizo na kutokea chini huku udongo ukibaki mkavu. Ndiyo sababu unaona kitako cha gunia kimelowa ukadhani mimea imekunywa.

Kwa kuwa miche ya ubavuni imekwisha kufa, nakushauri ulivunje gunia moja na kulijenga upya, huku lile jingine likiendelea kuwalisha. Changanya ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri na nusu ndoo ya mchanga. Tafuta kopo kubwa lisilo na kitako wala kifuniko, ulisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, uzungushie udongo pande zote, kisha ulivute kopo juu kidogo na kurudia hadi gunia lijae. Mawe yatabaki yamesimama katikati kama nguzo. Toboa matundu ya ubavuni kwa kupishana, wala si kwa mstari mmoja wa wima, ili mche mmoja usinyang'anye mwenziwe maji.

Kuhusu kumwagilia, hamia asubuhi. Mmea unaokunywa alfajiri huwa na akiba wakati joto la saa nane na upepo wa ziwani unapoanza kuukausha. Mimina maji taratibu juu ya nguzo ya mawe, kisha kidogo juu ya udongo, na utumie kile kijiti kujua kama yametosha badala ya kuhesabu vikombe. Juu ya gunia tandaza nyasi kavu. Wapo majirani zako wanaotumia gugumaji kutoka ziwani, na sioni ubaya wake mradi likaushwe kabisa kwanza na lisiwe limetolewa mahali panapoingia maji taka.

Jua nalo lina sehemu yake, kwa sababu mabati ya jirani hurudisha joto kwenye gunia. Ubavu unaotazama mabati usiupe sukuma wiki. Upe mchicha au kunde, ambazo hustahimili joto, na sukuma ikae upande unaopata jua la asubuhi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Njoro. Nyanya zangu zimebeba vizuri, lakini matunda mengi yanakuwa na doa jeusi kwenye kitako kabla hayajaiva. Nimepuliza dawa ya ukungu mara tatu, na nimeweka maganda ya mayai yaliyosagwa kwa ushauri wa rafiki, lakini sioni nafuu. Namwagilia kila siku ninapopata nafasi.
— Mwalimu, Njoro

JIBU: Mwalimu, jibu limo katika sentensi yako ya mwisho. Maneno "ninapopata nafasi" yananiambia kwamba zipo siku mbili au tatu ambazo nafasi haikupatikana, kisha ikaja siku ya mafuriko.

Doa hilo, likiwa kavu, limebonyea na kuwa gumu kama ngozi, si ugonjwa wa ukungu, na kwa hiyo hakuna dawa ya ukungu itakayoliondoa. Ni upungufu wa madini ya kalsiamu ndani ya tunda lenyewe. Madini hayo husafiri pamoja na maji kutoka mizizini. Majani, kwa kuwa hupoteza maji mengi hewani, huvuta sehemu kubwa, na tunda hupata kinachobaki. Maji yakikatika kwa siku kadhaa, kitako cha tunda, ambacho ndicho kilicho mbali zaidi na kikonyo, hukosa kabisa, na seli zake hufa. Udongo wako unaweza kuwa na kalsiamu ya kutosha na bado tatizo likatokea. Maganda ya mayai hayana dhambi, lakini huchukua muda mrefu kuoza na hayawezi kuokoa matunda ya msimu huu.

Udongo wa volkeno wa upande wenu ni mwepesi na hupitisha maji haraka, kwa hiyo kumwagilia kidogo kidogo juu juu huifunza mizizi kukaa karibu na uso wa udongo, ambako ndiko kunakokauka kwanza. Ni bora umwagilie mara tatu kwa juma, kwa siku zisizobadilika, maji mengi yanayozama hadi kina cha kiganja na nusu, kuliko kila siku kwa kopo moja. Tandaza nyasi kavu au mabua ya maharagwe kwa unene wa vidole vitatu, ila usiyaache yaguse shina. Punguza pia mbolea ya naitrojeni, kwa kuwa majani yakiwa mengi kupita kiasi yatazidi kulinyang'anya tunda. Matunda yaliyoharibika yaondoe, nayo mapya yatakayofuata yatakuwa salama ukishika ratiba.

Lakini hakikisha kwanza kwamba tunazungumzia jambo moja. Ukiona vitundu vidogo kwenye tunda na majani yenye mabaka meupe kama yaliyochimbwa kwa ndani, huyo ni nondo wa nyanya, Tuta absoluta, aliyeingia nchini Kenya mwaka 2014, na jibu lake ni tofauti kabisa.

SWALI: Nilikusanya mbegu za mboga ya saga kutoka kwa mimea yangu mwenyewe mwezi wa Novemba, nikazipanda Januari na kumwagilia vizuri, lakini hazijaota. Je, zimekufa?
— Msomaji, Kakamega

JIBU: Hazijafa, zimelala. Mbegu changa za saga (wasomaji wa pwani huiita mgagani) huwa na usingizi wa miezi kadhaa baada ya kuvunwa, na maji hayatauvunja. Ziweke kwenye karatasi, mahali pakavu penye kivuli, na ujaribu tena mvua za masika zikianza. Kwa sasa pata mbegu za mwaka uliopita kwa jirani. Unapozipanda usizifukie kwa kina kikubwa, na ukianza kuchuma uondoe maua kila yanapochipuka, kwa sababu joto na kiu huiharakisha saga kuzaa mbegu na majani yake yakawa machache na machungu.

SWALI: Nina mipapai minne nyuma ya nyumba, karibu na Ahero. Miwili haizai, inatoa maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Babu yangu alisema nipigilie msumari kwenye shina ili igeuke kuwa jike. Mti mwingine, uliokuwa ukizaa, umeanza kuwa njano na kulegea.
— Kijana wa Kano

JIBU: Ndugu yangu, kwa heshima zote kwa babu, msumari haubadilishi jinsi ya mpapai. Imani hiyo inadumu kwa sababu mipapai dume mingine hubadilika yenyewe nyakati fulani na kuzaa matunda machache, na aliyepigilia msumari juma lile hujipa sifa. Maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu ni ya dume. Ya jike ni makubwa zaidi na hukaa karibu na shina. Bakiza dume mmoja kwa ajili ya kuchavusha, na huyo mwingine umkate. Safari ijayo panda miche mitatu katika shimo moja, usubiri ichanue, kisha ubakize mmoja unaoufaa.

Mti unaogeuka njano unanitia wasiwasi zaidi. Ulipouona ukilegea uliuongezea maji, sivyo? Mpapai hulegea kwa kiu, na hulegea vilevile mizizi yake inapooza kwa kukosa hewa, na katika udongo mweusi wa Kano maji yanayotuama kwa siku mbili tu yanatosha kuiozesha. Chimba kidogo kando ya shina. Ukikuta tope na harufu mbaya, acha kumwagilia, toboa mfereji wa kuyatoa maji, na mche mpya uupande juu ya tuta.

SWALI: Hapa Nakuru mjini maji ya bomba huja kwa zamu. Je, naweza kumwagilia bustani kwa maji tuliyofulia?
— Mama, Nakuru

JIBU: Unaweza, lakini si yote, Mama. Maji ya kwanza, yenye povu zito, yana chumvi nyingi za sabuni ambazo hujikusanya kwenye udongo na kuuharibu, na yale yenye dawa ya kung'arisha nguo yasiguse mmea wowote, wala yale yaliyofulia nepi. Maji ya kusuuzia yanafaa. Yatumie siku hiyohiyo, kwa sababu yakilala hunuka, na uyamimine kwenye udongo chini ya migomba au mipapai, wala si juu ya majani ya mboga, hasa dania na nyingine zinazoliwa mbichi. Kila baada ya majuma mawili, siku ya zamu yenu ya bomba, yape mashina hayo maji safi mengi ili chumvi zisukumwe chini. Mimi hutenga ndoo mbili za rangi tofauti, kwa sababu niliwahi kuzichanganya nikaiunguza safu nzima ya pilipili hoho kwa siku moja.