Mishale ya Kibodi Ikikugomea Kwenye Lahajedwali

Kabla hujafuta programu na kuisakinisha upya, kabla hujaenda kununua kibodi nyingine, shusha macho hadi ule mstari mwembamba ulio chini kabisa ya dirisha la Excel. Wenzangu kazini huniita sana kuangalia kompyuta inayodaiwa kuharibika, na mara nyingi nakuta kibodi ni nzima kabisa. Kuna hali fulani imewashwa bila mtu kukusudia, na mstari ule unaitaja kwa jina.

Inayosumbua wengi ni Scroll Lock. Unabonyeza mshale wa chini ukitegemea kushuka seli moja, kumbe karatasi nzima ndiyo inayosogea na seli uliyokuwa nayo imebaki palepale, mpaka inapotea machoni. Kibodi ikiwa na kitufe cha ScrLk, kibonyeze mara moja, kazi imekwisha. Tabu iko kwenye kompyuta mpakato, maana nyingi hazina tena kitufe hicho. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na O. Itafunguka kibodi ya kwenye skrini, na humo ScrLk ipo. Ibofye, kisha uifunge. Kama seli yako imeshapotea, Ctrl na Backspace itakurudisha ilipo.

Kama kila mshale unaobonyeza unazidi kuchagua seli hata bila kushika Shift, umegusa F8. Bonyeza Esc.

Jambo ambalo naona watu wanalivumilia miaka na miaka bila sababu ni tofauti ya kuandika na kuhariri. Ukianza tu kuandika ndani ya seli, mstari wa chini unaonyesha Enter, na mshale wowote utakaobonyeza utakutoa kwenye seli hiyo. Ukibonyeza F2, mstari huo unabadilika kuwa Edit, na sasa mishale inatembea herufi kwa herufi ndani ya maandishi yako. Tofauti hii huuma zaidi kwenye visanduku vidogo vya fomula, kwa mfano pale unapoweka sharti la kupaka seli rangi. Umeandika =$B2>100, unataka kurudi nyuma ubadilishe 2 iwe 3, unabonyeza mshale wa kushoto, na ghafla Excel imekuchomekea anwani ya seli nyingine katikati ya fomula. Watu hufuta yote na kuanza upya. Hakuna haja: bonyeza F2 kwanza, ndipo utumie mishale. Kwenye kompyuta mpakato huenda ukahitaji kushika Fn pamoja na F2, la sivyo utaishia kupunguza mwanga au sauti.

Yapo mengine ambayo mstari wa chini hauyataji. Enter ikikupeleka kulia badala ya chini, nenda File, Options, Advanced, na pale juu utachagua mwelekeo. Kwenye LibreOffice Calc mpangilio huo uko Tools, Options, LibreOffice Calc, General. Ukiwa bado kwenye Advanced ya Excel, shuka hadi mwisho utazame sehemu ya Lotus. Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya lahajedwali, ilitoka mwaka 1983, na Excel iliwawekea watumiaji wake njia ya kuendelea na vitufe walivyovizoea. Tiki ya Transition navigation keys ikiwepo, Home inakurusha hadi A1 badala ya mwanzo wa safu mlalo, na Ctrl na mshale wa kulia inaruka skrini nzima badala ya kufika mwisho wa data. Iondoe.

Ctrl na mshale ina usumbufu wake hata ikiwa mipangilio ni sahihi. Huruka hadi ukingo wa data, lakini seli yenye nafasi tupu ndani, au fomula inayotoa "", huihesabu kuwa ina kitu ingawa wewe unaiona tupu. Ikipita mahali ulipotaka isimame, chagua seli mojamoja za hapo na utazame kisanduku cha fomula juu. Na ukijikuta kwenye safu mlalo ya 1,048,576, hujaharibu chochote. Hapo ndipo karatasi inapoishia.

Ctrl na End ikikupeleka mbali sana na data yako, ujue kuna seli huko zilizowahi kutumika au kupakwa rangi. Kitufe cha Delete hakitoshi, kwa kuwa hufuta yaliyoandikwa tu na kuacha uumbizaji. Chagua safu mlalo zote kuanzia ile ya kwanza iliyo tupu chini ya data, bonyeza Ctrl na alama ya kutoa ili ziondoke zenyewe, fanya vivyo hivyo kwa safu wima za kulia, kisha hifadhi faili. Mara nyingi faili nayo itapungua uzito, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuifanya kazi hii kila ninapopokea faili kuukuu.

Yote haya yakishindikana, funga Excel, shika Ctrl na uifungue huku umeishika, ukubali iwake katika hali salama (Safe Mode), yaani bila programu ndogo za ziada ziitwazo viongezi. Vitufe vikitii humo, huenda tatizo limo kwenye kiongezi kilichosakinishwa. Vizime kimoja kimoja hadi ukipate.